Mstari ulionyooka: uchambuzi wa kisa kimoja cha ushauri wa udongo kwa mbali

Siku ya nne ya mkataba nilichora ramani ya kwanza ya pH, kipimo cha tindikali ya udongo ambacho kadiri kinavyoshuka tindikali huzidi, na kitu cha kwanza kilichoniingia machoni kilikuwa mstari. Magharibi yake kijani, mashariki yake nyekundu, na katikati mpaka ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Niliikuza ramani. Mstari ulipanda kilima, ukashuka, ukavuka mto, ukapita kati ya mashamba mawili yaliyopakana. Nikaweka juu yake mipaka ya utawala, nao ukalala sawasawa juu ya mpaka wa wilaya mbili.

Udongo haujui wilaya. Hufuata mwamba uliouzaa, mteremko, maji yanayopita juu na ndani yake, mimea na muda. Pengine hubadilika taratibu, pengine ghafla, lakini haujipangi kwa mipaka iliyochorwa ofisini. Nilijua basi kwamba rangi zile hazikuwa zinanionyesha udongo. Sikujua bado kwamba mstari ule ungenila siku 9 kati ya 30 nilizopewa, na kwamba malipo yangu yangechelewa wiki sita kwa sababu yake.

Nakieleza kisa hiki bila jina la shirika wala la nchi. Waliohusika walijitahidi, na kosa lenyewe linaweza kutokea popote udongo unapochimbwa na mtu mmoja ukaja kusomwa na mwingine aliye mbali. Wataalamu wengi wa udongo sasa wanazitafuta kazi za namna hii, na mara nyingi wanachoambiwa ni namna ya kuzipata. Mimi nataka kuonyesha zinavyokuwa ukishazipata.

Kazi ilivyokuja

Shirika la maendeleo ya kilimo lilikuwa limekusanya sampuli 412 za udongo wa juu, sentimita 0 hadi 20, kwenye mashamba ya wakulima wadogo wa mahindi katika wilaya mbili. Sampuli zilikwisha pimwa. Alikuwa anatakiwa mtu wa kuzigeuza zile namba kuwa mapendekezo: nani aweke chokaa ya kupunguza tindikali na kiasi gani, nani aongeze fosforasi, nani asitumie fedha zake bure. Afanye hivyo akiwa hukohuko aliko, bila safari. Mkataba ulikuwa wa siku 30 za kazi zilizotawanywa katika miezi minne, na malipo ya awamu tatu: asilimia 20 kwa ripoti ya awali, 40 kwa ramani na mapendekezo, na 40 kwa ripoti ya mwisho pamoja na mwongozo wa kufundishia maafisa ugani.

Kazi hizi zipo nyingi kuliko wengi wanavyodhani, ila zimejificha. FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), Benki ya Dunia na vituo vya CGIAR, mtandao wa kimataifa wa utafiti wa kilimo, hutangaza nafasi za washauri, lakini kwa uzoefu wangu sehemu kubwa hupitia kampuni au shirika lililokwisha shinda zabuni, ambalo ghafla linatafuta mtu wa udongo kwa kuwa hadidu za rejea zinamtaka. Hii nami niliipata hivyo. Mtu niliyewahi kuandika naye ripoti alinitaja, na nilipomshukuru aliniambia kilichomfanya anikumbuke: kwamba niliwahi kumrudishia rasimu yake ikiwa na maswali kumi na moja.

Hadidu zilitenga siku 2 za "kupitia na kuhakiki data". Niliona ni chache, na bado nikatia saini. Nilihofu kwamba nikianza kudai siku, watamchukua mwingine. Hilo ni kosa langu, na nalitaja mapema lisije likafunikwa na makosa ya wengine.

Namba zisizosema zilikotoka

Lahajedwali walilonitumia lilikuwa safi. Kila safu imejaa, hakuna pengo, hakuna herufi mahali pa namba. Safu moja imeandikwa "pH", nyingine "P mg/kg", yaani fosforasi, nyingine "OC %", yaani kaboni ya ogani, ile itokanayo na mabaki ya viumbe. Hakuna hata moja iliyosema kipimo kilipatikana kwa njia gani.

Chukua pH, maana ndiyo iliyochora mstari. Ukichanganya sehemu moja ya udongo na sehemu mbili na nusu za maji ukapima, utapata namba fulani. Ukitumia myeyusho hafifu wa kloridi ya kalsiamu, 0.01 M, badala ya maji, ioni za kalsiamu huzibandua ioni za hidrojeni na alumini zilizoshikwa kwenye chembe za udongo. Zikiingia kwenye myeyusho, kipimo hushuka, mara nyingi kwa nusu pointi hadi pointi nzima. Njia zote mbili ni halali. Ya pili hata ina sifa yake, kwa kuwa haiyumbishwi sana na chumvi zinazopanda na kushuka kwa msimu. Lakini 5.0 ya njia hii na 5.0 ya njia ile ni udongo wa aina mbili, na kile kikomo cha 5.5 kinachotumika sana kuamua nani afikiriwe chokaa kimewekwa kwa pH ya maji.

Wastani wa magharibi ulikuwa 5.6, wa mashariki 4.9. Ningezifuata namba zilivyo, karibu wilaya nzima ya mashariki ingeandikiwa chokaa. Chokaa hupimwa kwa tani kwa hekta na husafirishwa kwa malori, na ikiwekwa pasipohitajika inaweza kuifanya zinki na manganizi zisipatikane kwa mmea. Mkulima aliyeshauriwa hivyo hana namna ya kumlalamikia mshauri aliye mbali. Ataona majani ya mahindi yake yamepauka kwa milia pande mbili za mshipa wa kati, na mwaka unaofuata mtu akija kuomba udongo wa kupima, atakataa.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa kulinganisha na SoilGrids, ramani ya udongo ya dunia inayotolewa na ISRIC, kituo cha taarifa za udongo duniani kilichoko Wageningen, Uholanzi, ambayo pH yake ni ya maji. Haikuonyesha ngazi yoyote pale mpakani. Niliichukua kama dalili tu. Kila pikseli, yaani kimraba kimoja cha ramani ya SoilGrids, ina upana wa mita 250, yaani hekta 6.25, na mashamba mengi ya wakulima wadogo huenea ndani ya pikseli moja. Ni utabiri wa kimodeli, na ISRIC wenyewe huutoa pamoja na kiwango cha mashaka yake. Nimewahi kusoma ripoti ambamo mshauri amechukua namba ya pikseli na kumwandikia mkulima kiasi cha mbolea. Tafadhali tusifanye hivyo. Ramani ile inafaa sana kwa kuziuliza data zako maswali, haifai kumjibu mwenye shamba.

Fosforasi ilikuwa na fumbo lilelile. Njia ya Olsen ya mwaka 1954, ya Bray na Kurtz ya 1945, na Mehlich 3 ya 1984 kila moja huchota fosforasi kwa dawa yake, na kila dawa hung'oa sehemu yake. Maabara nyingi huipenda Mehlich 3 kwa sababu mchoto mmoja unatoa virutubisho vingi kwa mara moja. Kwa udongo uleule kwa kawaida hutoa namba kubwa kuliko Olsen, kwa hiyo 15 ya Olsen inaweza kuyatosha mahindi wakati 15 ya Mehlich 3 ni upungufu. Kwenye kaboni ya ogani nako, njia ya Walkley na Black ya 1934 haiunguzi kaboni yote. Huchukuliwa kwamba inapata asilimia 76 hivi, ndiyo maana maabara huzidisha kwa 1.3, baadhi hawazidishi, na wengine huendelea mbele wakazidisha kwa 1.724 ili kupata mata ya ogani nzima, yaani mabaki yote ya viumbe yaliyomo udongoni, si kaboni yake tu. Safu moja ya "OC %" inaweza kubeba vitu vitatu tofauti na usione kwa macho.

Mahali zilipochimbwa palinipa kazi nyingine. Sampuli tisa zilitua baharini, kosa jepesi, latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi. Zilizonisumbua ni 17 zilizokuwa na mahali pamoja, hadi tarakimu ya mwisho. Niliifungua picha ya setilaiti na kusogea karibu kadiri ilivyoruhusu. Paa la bati, kona moja ina kutu, uani gari jeupe limeegeshwa. Kwa mujibu wa lahajedwali, udongo wa mashamba 17 ulikuwa umechotwa juu ya paa la ofisi ya mradi.

Simu ya fundi

Meneja wa mradi aliponiuliza ninahitaji nini, nilisema namba ya simu ya aliyechimba. Ilichukua siku mbili kupatikana. Jina lake halikuwa kwenye waraka wowote. Alikuwa fundi sanifu aliyechukuliwa kwa msimu, mkataba wake umekwisha, na kila mtu mradini alimwita Fundi tu.

Mazungumzo ya kwanza yalikuwa mafupi. "Ndiyo, Daktari." "Hapana, Daktari." Nilielewa. Mtu unayemsikia kwa mara ya kwanza anakupigia kutoka mbali, na swali lake la kwanza ni kuhusu kasoro za kazi yako; utajibu nini zaidi ya hapo? Mara ya pili sikuuliza kuhusu data. Nilimwomba anisimulie siku moja ya kazi, tangu walipotoka asubuhi mpaka waliporudi, na nikamwambia kwamba mimi nimechimba udongo miaka mingi, najua mvua inavyoweza kuiharibu siku nzima.

Akasimulia. Magharibi walitumia keekee ya udongo, chombo cha kutoboa ardhi kwa kuzungusha na kutoa udongo wa kina kile kile: vituo kumi kwa kila shamba, kwa mwendo wa kupinda, udongo wote kwenye ndoo moja, wakauchanganya kwa mkono na kuchukua kama nusu kilo. Mashariki mpini wa keekee ulivunjika wiki ya kwanza. Aliomba nyingine, haikuja, wakaendelea na jembe. Jembe halikati kina kwa usawa. Huchukua pande lenye udongo mwingi wa juu, mahali majivu na samadi vilipo, na kidogo tu wa chini. Wilaya nzima, basi, ile "0 hadi 20" ilikuwa makisio. Kisha akasema jambo ambalo sikumuuliza: walilipwa kwa idadi ya sampuli. "Asubuhi tulikuwa tunatimiza vituo kumi, Daktari. Jioni vilikuwa vitatu, vinne." Hakulisema kwa kujitetea. Aliona kwamba ninataka kujua na akaamua nijue.

Paa la ofisi pia alilifafanua. Bondeni simu zilichelewa kupata mahali zilipo, na programu waliyopewa ilijaza yenyewe mahali pa mwisho ilipopakumbuka, yaani ofisini asubuhi. Hakuna aliyewaonyesha namna ya kuona kwamba hilo limetokea.

Kabla hatujaagana alisema: "Mabaki yapo, Daktari. Yako stoo kwenye mifuko ya karatasi, kila mmoja na namba ya maabara. Hakuna aliyeniambia niyatupe, na hakuna aliyeniambia niyatunze."

Kwa maneno hayo mradi ulipona. Nikaziandikia maabara mbili, na ile iliyopima za mashariki ikajibu siku hiyohiyo: pH kwa kloridi ya kalsiamu, fosforasi kwa Mehlich 3. Ya magharibi: pH kwa maji, fosforasi kwa Olsen. Hakuna aliyekuwa ameficha kitu. Maabara ya pili ilinitumia nakala ya ripoti yake ya mwanzo, na ukurasa wake wa pili ulieleza kila njia iliyotumika. Ukurasa huo ulipotelea njiani, pale mtu alipokuwa ananakili namba kutoka ripoti mbili kwenda kwenye lahajedwali moja. FAO kupitia Ushirikiano wa Udongo Duniani ilianzisha mtandao wa maabara za udongo, GLOSOLAN, mwaka 2017, ili njia za upimaji zioanishwe na maabara zipimane ubora. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini hata maabara bora kuliko zote haiwezi kumsaidia mshauri ambaye amepewa namba bila ule ukurasa.

Kutoka kwenye mabaki ya mashariki nilichagua sampuli 40, kuanzia yenye pH ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, zipimwe upya katika maabara ya magharibi kwa njia za magharibi. Niliomba pia alumini inayobadilishika, yaani ile iliyoshikwa kwenye chembe za udongo na inayoweza kutoka, ipimwe kwenye kila sampuli ambayo pH yake ya maji ingekuwa chini ya 5.5. Kinachokata mizizi ya mahindi kwenye udongo wa namna hii kwa kawaida ni alumini iliyoyeyuka. pH inakuonya tu kwamba inaweza kuwapo. Na ukiwa na alumini, hesabu ya chokaa hutembea yenyewe. Hekta yenye kilo milioni 2 za udongo wa juu, kwa kila sentimoli moja ya chaji (kipimo cha maabara) ya alumini katika kilo ya udongo, inahitaji tani moja ya kalsiamu kaboneti, yaani chokaa safi, kuizima, na kwa desturi huzidishwa kwa 1.5 kwa kuwa si chokaa yote inayomfikia mlengwa.

Majibu yaliporudi, tofauti kati ya njia mbili za pH ilikuwa kama pointi 0.7 kwenye udongo ule. Nilizirekebisha namba za mashariki, nikachora ramani upya, na mstari ukayeyuka. Nyuma yake kulikuwa na kitu ambacho ramani ya kwanza ilikifunika kabisa: ukanda mwembamba wa tindikali halisi juu ya miteremko, katika wilaya zote mbili, wenye alumini ya kutosha kuumiza. Magharibi kulikuwa na wakulima waliohitaji chokaa na ambao wastani wa wilaya yao ungewanyima.

Mvutano

Nimeeleza majibu kwanza ili msomaji aelewe nilichokuwa ninakipigania. Wakati wenyewe mambo hayakwenda kwa mpangilio huo. Siku ya kumi na mbili, kabla ya kipimo chochote cha marudio, meneja aliniandikia kwamba mfadhili ana tarehe yake. Nitoe ramani kama ilivyo, niweke tahadhari kwenye kiambatisho.

Meneja yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anabanwa na ratiba ambayo hakuipanga yeye. Lakini ramani husafiri bila kiambatisho chake. Mtu huikata, huibandika kwenye mada ya mkutano, mwingine huipiga picha kwa simu, na miezi mitatu baadaye tani za chokaa zinaagizwa kwa picha ile ya simu. Nilijibu kwamba magharibi nitaikabidhi kwa tarehe, mashariki sitaikabidhi mpaka nijue ninachokipaka rangi.

Siku hizo sikulala vizuri. Mshauri aliye mbali hana mlango wa kugonga. Hawezi kuingia ofisini akaeleza kwa uso wake kwamba hagomi. Ana barua pepe tu, na barua pepe ya kukataa husomeka kali kuliko ilivyoandikwa. Kilichosaidia ni karatasi ya kurasa mbili: ukurasa wa kwanza ramani yenye mstari, na sentensi moja chini yake, wa pili ulinganisho wa gharama ya kupima sampuli 40 na gharama ya kupeleka chokaa wilaya nzima isiyoihitaji. Hapo sikuomba pesa za ziada kwa ajili yangu. Niliomba mwongozo wa maafisa ugani ufupishwe ili siku 4 zihamie kwenye uhakiki, na Fundi alipwe siku 8 kwa kiwango cha siku, aachane na malipo ya sampuli: achambue mabaki, apeleke 40 maabara, na arudi kwenye mashamba kumi kuchimba upya kwa keekee nzima.

Walikubali. Kilichonigharimu ni maneno ya mkataba. Awamu ya pili ililipwa "baada ya ramani na mapendekezo kukubaliwa", kwa jumla, na nusu ya ramani ilikuwa bado. Nilisubiri wiki sita bila malipo kwa kazi ambayo nusu yake walikuwa wameanza kuitumia.

Nikiusoma mkataba upya

Siku saba zilizidi kwenye uhakiki. Nne nilizipata kwa kufupisha mwongozo, tatu nilizibeba mwenyewe. Siku 33 kwa malipo ya 30 maana yake nilijipunguzia kiwango cha siku kwa asilimia 9 hivi, na kiwango hicho tayari kinabeba mengi. Anayetoka kwenye mshahara huchukua mshahara wa mwezi, akagawanya kwa siku 22, akadhani amepata bei yake. Mwaka ukiondoa mwisho wa wiki unabaki na siku 261. Ondoa sikukuu, ugonjwa, mapumziko, siku za kuandika maombi yasiyojibiwa, siku za kufuatilia ankara. Aliyeuza siku 120 kwa mwaka, kwa maoni yangu, amefanya vizuri. Benki ya Dunia, kwa mfano, hairuhusu mshauri wa muda mfupi kuzidisha siku 150 katika mwaka mmoja wa fedha. Ndani ya siku hizo chache ndimo inamotoka bima ya afya, akiba ya uzeeni na ile miezi ambayo simu haiiti.

Tangu kisa hiki, kabla ya kutia saini naomba mistari kumi ya data ghafi na ripoti ya maabara yenyewe, kurasa zote. Ombi hilo dogo hunionyesha mambo mengi kuliko hadidu za rejea, na likikataliwa, nalo ni jibu. Nauliza nani alichimba, alilipwaje, na kama nitaweza kuzungumza naye. Uhakiki naupa robo ya siku zote, na pakiwa na ubishi naonyesha ramani ile yenye mstari. Malipo naomba yagawanywe kwa eneo au kwa sehemu, na kwamba shirika likikaa siku kumi za kazi bila maoni ya maandishi, kazi ihesabiwe imekubaliwa. Wengi hukubali bila shida. Hawakuwa wamefikiria tu. Tahadhari zangu siku hizi naziweka juu ya ramani yenyewe, ndani ya fremu, kwa herufi ambazo mkasi hauwezi kuziacha nje.

Na naomba bajeti ya mtu wa huko. Kazi ya mbali ina hatari ambayo hatuisemi vya kutosha: inaweza kumfanya mtaalamu wa kule mradi uliko kuwa mkono wa kuchimba, halafu mimi nikawa jina kwenye jalada. Fundi alijua kuhusu udongo ule mambo ambayo hakuna setilaiti inayoyaona, na katika mpango wa awali hakuwa na hata siku moja ya kuulizwa. Jina lake liko kwenye ripoti ya mwisho, ukurasa wa kwanza, sambamba na langu. Hilo nalo lilihitaji barua pepe tatu.

Vijana huniuliza wajifunze nini ili wafanye kazi hii. Wanategemea niseme R ya takwimu, QGIS ya ramani, ujifunzaji wa mashine, na ni kweli, bila hivyo usiombe. Wajue pia WRB, mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, katika toleo lake la nne la mwaka 2022, maana ripoti zitakazowafikia zitautumia. Lakini kilichoniokoa kwenye kisa hiki nilikipata kwenye benchi la maabara, miaka ya kutitriti kaboni, yaani kuipima kwa kudondosha dawa tone kwa tone, mpaka nione rangi ikitoka buluu kwenda kijani kwa tone moja, na nikizidisha tone nianze upya. Aliyepitia hayo akiona "OC 2.1" mkono wake unauliza wenyewe: kwa njia gani? Wanaotaka kuanza moja kwa moja na kazi za mbali, nawaomba kwa moyo wote watumie angalau misimu miwili wakichimba na kupima. Baadaye hamtapata tena nafasi ya kuugusa udongo mnaoushauri.

Sampuli za paa la bati

Narudi kwenye zile 17. Fundi alikuwa na daftari lake mwenyewe, nje ya programu ya mradi, na humo aliandika majina ya wakulima kwa mpangilio wa safari. Kwa daftari hilo tulizirudisha 11 mashambani mwake. Sita zilichukuliwa siku ya mvua. Maji yaliingia kwenye mifuko, wino wa vibandiko ukafutika, na mahali daftari linapaswa kuonyesha namba kuna doa la buluu.

Zilipimwa vizuri. Majibu yake ninayo. Moja ina pH ya maji 4.4 na alumini kubwa kuliko karibu sampuli zote za mradi. Shamba hilo linahitaji chokaa kabla ya mbolea yoyote. Ninaujua udongo ule kwa tarakimu mbili baada ya nukta, na sijui ni wa nani.

Niliziandika zote sita kwenye ukurasa wa kwanza wa kiambatisho, na chini yake majina ya vijiji vitatu ambavyo timu ilipita siku ile, ili atakayerudi kuchimba aanzie hapo. Hadi mkataba wangu unaisha, hakuna aliyekuwa amerudi.